Kijazio cha Mgodini: Kipi Kweli, Kipi Uongo

Kati ya Kitale na Bungoma hakuna mgodi mkubwa wa chini ya ardhi hata mmoja, lakini maneno kuhusu migodi yamejaa tele. Mengine huteremka na magari kutoka Pokot Magharibi, ambako watu huosha dhahabu kando ya mito na kuchimba mashimo vilimani. Mengine hupanda na matatu kutoka Kakamega, ambako eneo la Isulu na Bushiangala, Ikolomani, limepangiwa mgodi wa chini ya ardhi. Mradi huo kampuni ya Shanta Gold iliununua kutoka kampuni ya Barrick mwaka 2020, na tangu hapo kila mwenye binamu Ikolomani amegeuka mhandisi.

Jambo moja linalozungumzwa sana na kueleweka kidogo ni hili la kuchukua mabaki ya kinu, yaani unga wa mwamba uliobaki dhahabu ilipokwisha kutolewa, kuuchanganya na saruji na maji, kisha kuurudisha chini ujaze mapango yaliyochimbwa. Hapa nitauita kijazio. Kuna wanaokiona kuwa dawa ya kila uchafu wa mgodi, na kuna wanaokiona kuwa njama ya kuuficha uchafu huo. Msimamo wangu niuseme mapema: kijazio ni kazi ya ujenzi. Kikichorwa, kikapimwa na kusimamiwa kama linavyosimamiwa jengo la ghorofa, kinaokoa watu na ardhi. Kikifanywa ili taka zisionekane tu, ni hatari iliyohamishwa kutoka juu kwenda chini.

Haya ndiyo madai ninayoyasikia mara kwa mara.

"Hayo hayatuhusu. Trans Nzoia na Bungoma hakuna migodi."

Uongo, ingawa msemaji ana sababu zake.

Miamba yenye dhahabu ya magharibi mwa Kenya ni ile mikongwe sana inayoonekana Migori, Siaya, Vihiga na Kakamega. Trans Nzoia imekaa juu ya miamba ya aina nyingine, na upande wake wa magharibi umefunikwa na lava na majivu ya Mlima Elgon. Kwa utani unaweza kusema kwamba mchimbaji mkuu wa chini ya ardhi wa kaunti hiyo ni ndovu. Pango la Kitum, linaloingia karibu mita 200 ndani ya Elgon, limepanuliwa kizazi baada ya kizazi na ndovu wanaoingia gizani kubomoa kuta kwa pembe zao ili wale chumvi iliyomo kwenye mwamba. Nyuma yao hakuna anayejaza. Ndiyo maana sakafu ya pango imetapakaa mawe makubwa yaliyoporomoka kutoka darini.

Lakini watu wa huku wamo katika habari ya dhahabu tangu mwanzo. L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani, alipoipata Kakamega mwaka 1931, walowezi wa nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa wameumizwa na nzige na kuanguka kwa bei za mazao, na wengi walikimbilia huko na sururu. Kampuni moja ya wakati ule iliitwa Eldoret Mining Syndicate. Jina lenyewe linakuonyesha fedha na watu walitoka wapi. Mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanahangaika katika eneo hilo hilo. Vijana wa Kimilili, Webuye na Kiminini huenda kutafuta riziki kwenye mashimo ya majirani. Na saruji je? Barabara ya Kitale kwenda Lodwar inapita Sebit, Pokot Magharibi, ambako kumejengwa kiwanda cha klinka, ile malighafi inayosagwa ikawa saruji. Mgodi wowote wa eneo hili utakaotaka kujaza mapango yake utakuja kununua huku kwetu.

"Kijazio ni jina la heshima la kutupa takataka shimoni."

Uongo, na hapa ni lazima tukae kidogo, kwa sababu dai hili likishaeleweka, mengine yanajieleza.

Chukua Bulyanhulu, kusini mwa Ziwa Victoria, katika mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2001. Dhahabu yake imo katika mishipa myembamba ya mwamba iliyosimama karibu wima na kushuka chini sana. Mchimbaji anayeufuata mshipa kama huo anaacha nyuma yake nafasi tupu iliyosimama kama ufa mrefu, na mwamba wa pande zote mbili unaanza kusukuma kuelekea ndani. Zamani dawa ilikuwa kuacha nguzo, yaani sehemu za mshipa wenyewe zisizochimbwa ili zibebe uzito. Nguzo hizo zina dhahabu. Kila nguzo ni mali iliyoachwa chini kwa hofu, na hofu hiyo ni halali.

Kijazio kinabadilisha mpango wote. Pango la kwanza linachimbwa, linajazwa tope lenye saruji, linaachwa likauke na kuwa gumu. Kisha pango la jirani linachimbwa, na ukuta wake mmoja sasa ni kile kijazio. Kikiwa imara, kinasimama wima, wakati mwingine kwa makumi ya mita, huku baruti zikilipuka kando yake. Kikiwa dhaifu, kinamwagika juu ya mawe yenye dhahabu, kinayachafua, na kinaweza kumwangukia mtu.

Kwa hiyo mabaki hayatupwi. Kwanza hukamuliwa maji kwa mitambo mpaka yawe rojo zito, ambalo kati ya asilimia 70 na 85 ya uzito wake ni yabisi. Hupimwa ukubwa wa chembe: kwa kawaida angalau asilimia 15 ziwe ndogo kuliko mikroni 20, kwa sababu ni chembe hizo laini zinazoshika maji yasijitenge na kuziba bomba. Saruji huongezwa kwa kipimo. Rojo huteremka kwa bomba kupitia tundu lililotobolewa kutoka juu, kwa uzito wake lenyewe au kwa kusukumwa na pampu. Sampuli huwekwa kwenye vikopo, zikavunjwa kwa mashine baada ya siku 7, 28 na hata 90 ili ijulikane zimepata nguvu kiasi gani. Sijapata kuona mtu anayetupa takataka akazihifadhi sampuli zake miezi mitatu.

"Ni zege tu, kama la slabu."

Uongo. Slabu ya nyumba ya kawaida huhitaji zege lenye nguvu ya megapaskali 20 hadi 25. Kijazio cha kusimama ukuta kikiwa wazi mara nyingi kinatosha na kati ya nusu megapaskali na moja. Saruji yake huwa asilimia 3 hadi 7 ya uzito wa mabaki makavu.

Udogo wa asilimia hiyo usikudanganye. Asilimia 5 ya tani moja ni kilo 50, yaani kila tani ya mabaki inakula mfuko mmoja kamili wa saruji. Tuseme pango lina urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kimo cha mita 30. Hilo ni pango la wastani tu katika mgodi wa kisasa, na ujazo wake ni mita za ujazo 9,000. Ukiweka tani 1.5 za mabaki makavu kwa kila mita ya ujazo, unahitaji tani 13,500, hivyo mifuko 13,500. Kwa shilingi 750 mfuko, zaidi ya milioni 10 za Kenya zimeingia katika pango moja, kabla hujalipa umeme, mabomba na mafundi. Ndiyo maana katika migodi mingi saruji ndiyo sehemu kubwa ya gharama ya kujaza, na ndiyo maana mhasibu daima atataka ipunguzwe. Mwananchi anapaswa kuulizia hapo hapo.

"Taka zote zitarudi chini, kwa hiyo hakutakuwa na bwawa la tope."

Uongo mtupu, na ni uongo hatari zaidi kwa sababu unapendeza sikioni.

Mwamba mzima ardhini una uzito wa takriban tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo. Ukishasagwa kuwa unga, hata uushindilie namna gani, mita ile ile haitabeba zaidi ya tani moja na nusu hivi. Mwamba uliovunjwa unavimba na haurudi ujazo wake wa kwanza. Kwa hesabu hiyo, karibu nusu ya mabaki ndiyo inayoweza kurudi chini, na nusu nyingine itabaki juu ya ardhi ikitafuta mahali pa kukaa. Bulyanhulu penyewe, mbali na kujaza mapango, pamekuwa miongoni mwa migodi ya kwanza duniani kulaza rojo zito juu ya ardhi badala ya tope jepesi la maji mengi, ili hicho kinachobaki kisiwe ziwa linalosubiri kupasuka.

Na mabwawa hupasuka. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka na tope likafunika mashamba na nyumba za majirani. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la Sino-Metals karibu na Chambishi, Zambia, lilipasuka na kumwaga maji yenye asidi yaliyofika mto Kafue. Brumadinho, Brazili, Januari 2019, watu 270 walizikwa na tope mchana wa kazi. Bwawa si lazima lipasuke ndipo lilete shida: Mei 2019 serikali ya Tanzania iliupiga mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la topesumu.

Kijazio kinalipunguza bwawa. Hakiliondoi. Kampuni ikikuambia vinginevyo, iombe hesabu ya tani.

"Saruji ikishachanganywa, sumu imekufa."

Uongo. Hapa naomba msomaji wa Kapenguria, Kakamega na popote watu wanaposhika zebaki asome polepole.

Saruji hufanya mambo mawili. Inaongeza ubesi wa maji yaliyomo kwenye rojo, na inazifunga chembe ndani ya kitu kigumu kisichopitisha maji kwa urahisi. Baadhi ya metali hutulia katika hali hiyo. Nyingine hazitulii: aseniki, ambayo huandamana na dhahabu katika miamba mingi, ina tabia zake, na mabaki yenye aseniki hayarudishwi chini mpaka yapimwe yatatoa nini maji yakipita.

Sayanaidi, inayotumiwa kuitoa dhahabu kwenye mwamba uliosagwa, nayo ni somo jingine. Maji yakiwa na ubesi mkubwa, sayanaidi hukaa ndani ya maji. Ubesi ukishuka, pH ikawa chini ya 9 hivi, hugeuka gesi. Juu ya ardhi, upepo huichukua. Chini, katika njia nyembamba inayotegemea feni kuleta hewa, gesi hiyo inaua. Kwa sababu hiyo mabaki yaliyopita kwenye sayanaidi huoshwa na kutibiwa kiwandani kabla hayajatumwa chini. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sayanaidi inataka kiwango kisizidi miligramu 50 kwa lita katika maji yanayofika bwawani. Watu wanaofanya kazi kando ya kijazio wanastahili kiwango kidogo zaidi ya hicho.

Zebaki ndiyo inayonitia hasira. Mchimbaji mdogo husaga mwamba kwenye karasha, humimina zebaki ikamate dhahabu, kisha huchoma ule mchanganyiko, mara nyingi jikoni au nyuma ya nyumba, moshi ukiwaingia watoto. Mabaki yanayoachwa, ambayo wenzetu wa Tanzania huyaita marudio, yana zebaki isiyoonekana. Ukiyachukua marudio hayo ukayachanganya na saruji na kuyajaza shimoni, hujaponya kitu. Umeiweka zebaki karibu na maji ya kisima. Na ukiyapeleka kwanza kwenye sayanaidi ili kukamua dhahabu iliyobaki, kama wafanyabiashara wengi wanavyofanya Migori na Kakamega, sayanaidi inaiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri vizuri zaidi na maji. Mto Isiukhu unaopita Kakamega humwaga maji yake Nzoia. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo Webuye imenusurika. Watu wa Budalang'i, mto unakoishia, hawana bahati hiyo.

Marudio yenye zebaki si malighafi ya kijazio. Hapa hakuna kipimo cha saruji cha kujadiliana.

"Wanazika dhahabu yetu."

Kweli nusu.

Hakuna kinu kinachotoa dhahabu yote. Kiwanda kikubwa kinachofanya kazi vizuri huacha kiasi kidogo, pengine sehemu moja kwa kumi au chini yake. Mchimbaji mdogo anayetumia zebaki huacha zaidi ya nusu, na ndiyo maana marudio yake hupata mnunuzi haraka kuliko mahindi ya Kitale wakati wa mavuno. Ikishafungwa na saruji mita mia kadhaa chini, dhahabu hiyo imekwenda. Hakuna atakayeifuata.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa kabla. Bulyanhulu, miaka ya 2010, palijengwa kiwanda cha kuyapitisha tena mabaki ya zamani ili yatoe dhahabu yaliyokuwa nayo. Uganda wana mfano mzuri zaidi, na si wa dhahabu. Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982, na kando ya Kasese kukaachwa takriban tani milioni moja za pairaiti yenye kobalti. Kwa miaka mingi lilikuwa tatizo: mvua ikinyesha, asidi ilishuka hadi kwenye mbuga ya wanyama iliyo jirani. Kisha Kasese Cobalt Company ikaanza, mwaka 1999, kuwatumia bakteria kuila pairaiti hiyo na kuitoa kobalti. Taka ya jana ikawa bidhaa. Lau mtu angeifungia ndani ya saruji mwaka 1982, nafasi hiyo isingepatikana.

Suala la mawe matupu, ambayo Geita huitwa magwangala, ni tofauti kidogo. Wananchi wa Geita walipigania miaka mingi waruhusiwe kuyaokota, wakiamini yana dhahabu, na mengine yanayo kweli. Lakini mawe hayo hayo ndiyo yanayofaa kujaza mapango mahali rojo lisipotumika. Nani apewe kwanza, pango au mwananchi? Fundi peke yake hawezi kulijibu swali hilo, na likiachwa lijibiwe na polisi langoni, hujibiwa vibaya.

"Likishamiminwa, kazi imekwisha."

Uongo.

Saa za kwanza ndizo mbaya. Rojo bichi lina uzito wa maji na uzito wa mwamba kwa pamoja, na kitu kinacholizuia lisitoke pangoni ni ukuta wa kizuizi uliojengwa mlangoni. Juni 2000, katika mgodi wa Bronzewing, Australia Magharibi, ukuta kama huo ulivunjika, tope la maji mengi likafurika kwenye njia za chini, na wachimbaji watatu wakafa. Tangu hapo migodi mingi imekuwa ikimimina kwa awamu: tabaka la kwanza kimo cha mlango, linaachwa lishike, kisha sehemu iliyobaki. Vipimo vya shinikizo huwekwa nyuma ya ukuta, na hakuna anayeruhusiwa kupita mbele yake wakati wa kumimina.

Halafu kuna ugonjwa unaokuja polepole. Mabaki yenye salfaidi nyingi, kama pairaiti, yakipata hewa na maji hutengeneza asidi na salfeti. Salfeti huishambulia saruji kwa ndani. Sampuli inaweza kupanda nguvu hadi siku ya 28, kila mtu akafurahi, kisha ikaanza kupungua kufikia siku ya 90. Saruji iliyochanganywa na slagi ya tanuri la chuma huvumilia zaidi. Ndiyo maana matokeo ya siku 28 pekee hayatoshi, na mhandisi anayekuonyesha hayo tu amekuonyesha nusu ya karatasi.

"Majivu ya miwa ya Nzoia yanaweza kupunguza saruji."

Kweli, kwa masharti.

Bungoma ina kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, na kiwanda cha sukari hujiendesha kwa kuchoma makapi ya miwa. Majivu yake yana silika nyingi. Silika hiyo, ikiwa ya aina inayofaa, hushirikiana na chokaa inayotolewa na saruji na kuongeza nguvu siku zinavyokwenda. Majivu ya maganda ya mpunga hufanya vivyo hivyo, na majivu ya volkano pia. Hilo la mwisho Warumi walilijua miaka elfu mbili iliyopita, na Elgon ni volkano.

Masharti ni haya. Tanuri likiwa na moto mkali kupita kiasi, silika hugeuka fuwele ngumu isiyoshirikiana na chochote. Moto ukiwa hafifu, hubaki makaa meusi yanayonyonya maji. Majivu ni lazima yasagwe laini. Na fundi yeyote wa Bungoma atakuambia jambo ambalo wahandisi hulisoma vitabuni: saruji ikiingiwa na sukari haigandi. Makapi yasiyochomwa vizuri yana sukari. Kwa hiyo yapimwe kundi kwa kundi, na nguvu itarajiwe kuja kwa kuchelewa, jambo ambalo katika mgodi wenye haraka ya kufungua pango la pili ni gharama halisi. Hata hivyo, kama ningekuwa mhadhiri wa uhandisi katika chuo cha Masinde Muliro, huu ndio mradi ningewapa wanafunzi wa mwaka wa nne. Mabaki yako Kakamega, majivu yako Bungoma.

"Ni teknolojia ya majaribio."

Uongo. Mgodi wa Bad Grund, Ujerumani, ulianza kutumia rojo zito mwishoni mwa miaka ya 1970. Kanada ikalieneza miaka ya 1990. Afrika Mashariki, Bulyanhulu imelizoea kwa zaidi ya miongo miwili, na Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo, hujaza mapango yake kwa rojo hilo hilo.

"Mchimbaji mdogo hayamhusu, hayo ni ya kampuni kubwa."

Uongo, na ndilo dai linalogharimu maisha zaidi.

Mtambo wa rojo, kweli, si wa mchimbaji mwenye winchi na kamba. Lakini kujaza si mtambo. Kujaza ni desturi ya kutoacha nafasi tupu nyuma yako, na migodi iliishi kwa desturi hiyo kabla saruji haijajulikana: mawe matupu hupangwa kwa mkono, tabaka kwa tabaka, kwenye sehemu iliyokwisha kuchimbwa, badala ya kuvutwa juu na kurundikwa kwenye mdomo wa shimo ambako huongeza uzito na mvua huyarudisha chini yakiwa maporomoko. Desemba 2021, shimo la Abimbo, Bondo, lilipoporomoka na kuwafukia wachimbaji, nchi nzima ilizungumza juu ya uokoaji. Wachache walizungumza juu ya mapango yaliyoachwa wazi chini, yasiyo na ramani wala nguzo.

Anayechimba jirani na shimo la zamani la Rosterman hajui anakaribia pango gani la mwaka 1938. Mikaratusi inayotumiwa kama nguzo huoza. Mawe yaliyopangwa vizuri hayaozi. Vikundi vya wachimbaji vyenye leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016 vingeweza kufundishwa hilo kwa wiki moja, bila mkopo wala mtambo kutoka nje, na kamati za wachimbaji wadogo za kaunti zina nafasi ya kulidai kabla ya kuongeza muda wa kibali.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye leseni kubwa awe na mpango wa kurekebisha ardhi na kufunga mgodi. Ripoti ya athari kwa mazingira nayo huwekwa wazi na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa muda ili wananchi waisome na kutoa maoni. Kwa hiyo kikao kijacho kikiitishwa, kiwe cha Ikolomani au cha Pokot Magharibi, usiende kuuliza tu kazi ngapi zitatolewa. Uliza tani ngapi za mabaki zitarudi chini na ngapi zitabaki juu, na wapi. Uliza sayanaidi itaondolewa kwenye mabaki hadi kiwango gani kabla hayajashuka. Uliza matokeo ya siku ya 90. Uliza nani atakagua ukuta wa kizuizi, na ikiwa ripoti yake itawafikia wakazi. Kisha omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla hujatia sahihi.